Zakayo hakushuka mtini tu

Juzi nilikuwa Mbarara, nikaingia kanisani kusikiliza mahubiri juu ya Zakayo. Mhubiri aliijua kazi yake. Alituchorea yule mtu mfupi, mti na umati, tukacheka. Alipofika pale Yesu anapojialika nyumbani kwake, watu wakalia. Kisha akasema Zakayo ameokoka, akafunga Biblia.

Ninacholalamikia ni mstari wa nane wa Luka 19. Aliuruka. Hapo Zakayo anasimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Ni baada ya maneno hayo ndipo Yesu anataja wokovu wa nyumba ile. Na tuangalie hiyo mara nne. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinamtaka anayeungama arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ni malipo ya mwizi wa kondoo, katika Kutoka 22. Basi Zakayo alijihukumu mwenyewe kama mwizi.

Kuna atakayenijibu: msamaha haununuliwi. Nakubali kabisa. Yesu aliingia kwa Zakayo kabla hajatoa hata senti moja. Lakini kusamehewa na Mungu hakufuti deni la jirani.

Jambo hili si geni huku kwetu. Uamsho wa Balokole, uliotoka Gahini, Rwanda, ukaenea Kigezi na Ankole miaka ya 1930, ulijulikana kwa watu kuungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Wazee wale hawakuuruka mstari wa nane.

Hapa Nakivale tunachota maji bomba moja na watu tuliokosana nao kabla ya kuvuka mpaka. Mama mmoja jirani yangu aliombwa msamaha na mtu wa kijiji chake, kwa machozi mengi. Nilipomuuliza ilikuwaje, akasema: "Mwanangu, machozi nimeyaona. Lakini mbuzi yangu iko wapi?" Wengine wakamwita mwenye moyo mgumu. Mimi naona alimsoma Luka vizuri kuliko mhubiri wangu.

Neno letu toba limetoka Kiarabu, na shina lake ni kurudi. Sisi wakimbizi kurudi tunakusikia kila siku, na kwa wengi wetu njia bado imefungwa. Kurudisha je? Hapo hatungoji mpaka wala vita kuisha.

Nami nina langu. Nilipouza mahindi sokoni, kopo langu la kupimia lilikuwa limebonyezwa chini. Nilishatubu, kimya kimya, usiku. Sijamrudishia mtu hata punje. Wateja wangu wengi bado wako kijiji hiki hiki, na yule mama ni mmoja wao.