Kwanza Tazama Magurudumu

Watu wengi wakisimama mbele ya meza ya magari ya mfano huvutwa na rangi. Macho hukimbilia Ferrari nyekundu inayong'aa, na hukumu huwa imeshatoka kabla mtu hajainama. Mwamuzi mzoefu wa mashindano huanza chini. Huinama mpaka macho yake yalingane na uso wa meza, huwasha tochi ndogo, kisha hutazama kama magurudumu yote manne yamekanyaga. Moja likining'inia, hata kwa nusu milimita, kigari kimepoteza uzito wake wote. Gari halisi lina tani moja au zaidi, na tani moja haielei. Halafu hukitazama kwa mbele: magurudumu yamesimama wima, au moja limelalia ndani na jingine nje? Bampa liko sambamba na meza? Kulipata hili hakuhitaji kifaa cha bei kubwa. Kunahitaji kipande cha kioo kilichonyooka na fundi anayekubali kuacha ekseli ikauke gundi usiku kucha bila kuigusa.

Jambo la pili ni kipimo. Magari mengi ya mfano ya plastiki ni ya 1/24 au 1/25, na mgeni hudhani tofauti hiyo ni ya kupuuzwa. Kipimo cha 1/24 ni hesabu ya nusu inchi kwa kila futi moja ya gari halisi, na ndicho kinachofuatwa na kampuni kama Tamiya ya Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1946 kwa biashara ya mbao, na Italeri ya Italia, inayopendwa na wajenzi wa malori. Wamarekani wameng'ang'ania 1/25. Kampuni ya AMT, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1948, ilianza kwa kutengeneza vigari vya matangazo kwa ajili ya wauzaji wa magari mapya. Mwaka 1958 ikaja na maboksi ya vipande yaliyompa mnunuzi njia tatu: aliunde gari kama lilivyotoka kiwandani, alirembe, au aligeuze la mashindano. Hapo ndipo vijana wengi wa Kimarekani walipoanza kukata na kuunga plastiki.

Sasa chukua lori la Ulaya, kichwa pamoja na semitrela yake, lenye urefu wa mita 16.5. Kwa 1/24 ni karibu sentimita 69. Kwa 1/25 ni sentimita 66. Fundi anayefunga trela ya kipimo kimoja kwenye kichwa cha kipimo kingine ameunda kitu ambacho jicho hukikataa hata kama mwenye jicho hajui sababu. Kwenye vipande vidogo, kama taa au betri, mchanganyiko huo hupita. Kwenye kebini ya dereva, matairi na injini, haupiti.

Kipimo hutawala hata mambo ambayo mtu hafikirii kuyapima. Rangi ya gari halisi kwa kawaida ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Fundi akipaka kigari chake cha 1/24 unene huohuo, ni sawa na kulipaka gari la barabarani rangi ya zaidi ya milimita 2: kingo zote zingejaa, nembo zingezama, na mistari ya milango ingegeuka vibonde laini. Ndiyo maana kazi bora hujulikana kwenye kingo. Mwanya kati ya mlango na bodi ya gari la kisasa ni milimita 4 au 5, yaani sehemu mbili tu za kumi za milimita kwenye kigari. Mwanya huo ukijazwa wino mweusi tii huonekana kama mtaro. Fundi mwenye jicho hutumia kijivu cha giza, na kwa gari jeupe hushuka hadi kijivu chepesi. Vivyo hivyo kwa kitambaa. Mtu huweza kukata pamba halisi akafunika viti, akajivunia uhalisi wake, kumbe nyuzi zake zikikuzwa mara 24 ni nene kuliko kamba ya kuanikia nguo. Plastiki iliyopakwa vizuri rangi isiyong'aa hufanana na kitambaa kuliko kitambaa chenyewe.

Baada ya hapo, tochi huingia mahali ambapo mjenzi alitumaini haitaingia. Kila kipande cha plastiki hutoka kwenye kalibu kikiwa na mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mstari huo hupita juu ya mabawa na nguzo za paa, na lazima uondolewe kwa msasa kabla ya rangi. Ndani ya milango na chini ya sakafu huwa na viduara vilivyoachwa na pini zinazosukuma kipande kitoke. Bomba la moshi huwa limeunganishwa kwa nusu mbili, na mshono wake ukibaki wazi, hakuna bomba la namna hiyo duniani. Mwamuzi wa haki hutazama upande wa chini kwa umakini uleule aliotumia kutazama bodi. Injini nayo ina hesabu zake. Ya silinda nne ya zamani, yenye distribuita, inataka waya nne kwenda kwenye plagi na wa tano kwenda kwenye koili. Fundi aliyeweka sita hakutazama picha yoyote.

Rangi yenyewe ihukumiwe kwa taa inayoakisiwa juu yake. Mtu asimame ambapo mwanga wa dirisha unaonekana kwenye paa, atazame ukingo wa mwanga huo. Ukinyooka, rangi imepulizwa na kusuguliwa vyema. Ukitetemeka, uso una vinyweleo kama ganda la chungwa, na hakuna nta itakayouficha. Rangi za metaliki zina mtego zaidi, kwa kuwa chembe zake zilizotengenezwa kwa gari halisi huwa kubwa mno kwa kigari, nacho huishia kumetameta kama pambo. Na si kila gari lafaa kung'aa hivyo. Lori la kubeba saruji lililong'arishwa kama gari la harusi ni kosa la ufundi, hata kama mng'ao wake hauna doa.

Stika za kulowekwa majini huharibika kwa sababu moja kubwa: hewa iliyonaswa chini yake, inayoacha ukungu wa rangi ya fedha. Tiba ni kupaka vanishi inayong'aa kwanza ili stika ikae juu ya uso laini, kisha kuifunika na vanishi inayofaa. Vipande vya kromu vya kiwandani huwa na kovu pale vilipokatwa kutoka kwenye fremu yao. Mafundi makini huviloweka kwenye jiki hadi kromu yote itoke, wakasugua kovu, ndipo wakavipaka upya.

Kwenye ugeuzaji, yaani kulibadili umbo gari lilivyotoka kiwandani, ndiko mabishano yanakochemka. Marekani ilikuwa na shule yake ya kubuni umbo: shindano la Fisher Body Craftsman's Guild la General Motors, lililoanza mwaka 1930 kwa vijana kuunda gari la farasi la kifalme, na kuanzia mwaka 1937 likawataka wabuni magari yao wenyewe kwa kipimo cha 1/12, hadi lilipofungwa mwaka 1968. Washindi walipata fedha za masomo, na baadhi yao waliishia kuwa wabunifu kwenye viwanda vya magari. Hawakuwa na boksi la vipande la kuwasaidia, na ndiyo maana umbo lilihesabiwa sana.

Umbo huhesabiwa vivyo hivyo kwenye ugeuzaji. Chukua mfano wa kushusha paa. Nguzo za paa hulala. Kwa hiyo zikifupishwa, sehemu za juu na za chini hazikutani tena. Fundi wa kweli hulikata paa lenyewe na kulirefusha, au huzilaza nguzo zaidi, kisha hukata kioo kipya. Asiyejua huzipinda kwa nguvu na kujaza puti. Kosa hilo huonekana kwenye dirisha la pembeni: mstari wa juu huinuka au kushuka bila sababu. Ugeuzaji mzuri humfanya mtazamaji aamini kwamba gari hilo lingeweza kufungwa milango na kuendeshwa.

Malori yana ukali wake. Chasisi ya lori iko wazi, kila kitu huonekana. Fundi akirefusha chasisi na kuongeza ekseli, propela shafti lazima ifike kwenye difu, springi zikae juu ya ekseli zake, na mabomba ya upepo ya breki yawe na mahali yanakotoka na yanakokwenda. Trela ikifungwa, sakafu yake iwe sambamba na barabara. Ikiinamia mbele au nyuma, kimo cha sahani ya kuunganishia au cha matairi kimekosewa. Na ile sahani ambayo trela huikalia isiwe safi. Huwa na grisi nyeusi, iliyopanguswa na kingpini, ile pini ya trela, kwa mstari wa kuingilia. Peterbilt ya Marekani yenye sahani kavu haijawahi kuvuta kitu.

Kuna eneo moja ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana jicho kuliko mwamuzi wa Ulaya au Japani: magari ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yake yameundwa sana na viwanda vya modeli. Aoshima ya Japani imetoa, chini ya jina la Beemax, Toyota Celica TA64 ya 1/24, gari ambalo Juha Kankkunen alishinda nalo mwaka 1985. Björn Waldegård alishinda na gari la aina hiyohiyo mwaka 1984 na 1986. Kwenye boksi zimo dalili za Safari, pamoja na vyuma vya kuzuia wanyama.

Halafu huja tope, na hapo wengi huharibu. Safari ya miaka hiyo ilifanyika Pasaka, wakati wa masika, kwa hiyo rangi moja ya hudhurungi iliyopulizwa gari zima si kweli. Udongo mweusi wa mfinyanzi hunata kwenye matao ya magurudumu na kukauka kwa mabonge. Vumbi jekundu hutulia kwenye mikunjo. Nyuma ya gari huchafuka kuliko mbele, maana upepo unaozunguka mkia huvuta vumbi hadi kwenye buti na kioo. Waipa huacha nusu duara safi. Mawe hupiga pua ya boneti na mbele ya matao ya nyuma, si katikati ya paa. Kipimo nacho hurudi: chembe ya nusu milimita kwenye kigari cha 1/24 ni jiwe la milimita 12, hivyo mchanga wa kawaida haufai, unahitajika unga laini mno. Bodi yenye tope na matairi meusi yaliyong'arishwa ni magari mawili tofauti kwenye meza moja.

Vigezo hivihivi vinafaa kwa kazi ambayo haikutoka kwenye boksi lolote. Mitaani Kenya na Tanzania vijana huunda malori na mabasi kwa waya, mabati, maboksi na magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala. Yapimwe bila huruma na bila dharau. Magurudumu ni duara kamili? Umbali kati ya ekseli ni wa basi lile hasa, au wa basi lolote? Pembe ya kioo cha mbele ni ya Scania kweli? Kijana aliyeipata pembe hiyo kwa kukadiria, kwa kisu na katoni, amefanya jambo gumu kuliko mtu aliyepewa umbo tayari na kiwanda, na alama zake zinastahili kuonyesha hivyo. Akipata nafasi ya kuweka karatasi kando ya kazi yake, aandike ametumia nini na ametazama gari gani, kisha abandike picha ya gari hilo, ili mwamuzi alinganishe mwenyewe.