Ube halaya: tusisifu rangi, tuulize kiazi

Bandugu, ile tamutamu ya rangi ya zambarau munayoona kila siku kwenye simu inaitwa ube halaya, inatoka Ufilipino. Wenye kutuonyesha wanasifu rangi tu, kisha wanamaliza: "ni urithi wa Wahispania." Mimi niliyesoma agronomi siwezi kuacha ipite hivyo.

Jina, ndiyo, ni lao. Halaya imetoka kwa neno la Kihispania jalea, ni kusema konfitire. Walitawala kule tangu 1565 mpaka 1898. Lakini ndani ya sufuria kuko nini? Ube ni kiazi kikuu, Dioscorea alata, inyame ya upande ule ule wa Asia. Watu wa visiwa walikilima zamani sana, mbele meli ya Hispania ifike. Nazi ilikuwako, muwa pia. Maziwa ya kopo yalizoeleka nyuma, wakati wa Wamarekani. Kusema yote ni ya Mhispania ni kumpa mgeni shamba juu alilipa jina.

Kazi yake si ya kuchezea. Unachemsha kiazi, unamenya, unaponda, kisha unakoroga na tui la nazi ao maziwa, pamoja na sukari, kwa moto mdogo, mpaka uji uwe mzito na kuanza kuachana na sufuria. Ukipumzika, inaungua.

Sasa rangi. Inatoka kwa antosiyanini ndani ya kiazi, na si kila aina iko nayo. Zingine ni nyeupe. Wauzaji wengi wanatia rangi ya dukani, mnunuzi hajui. Lakini kule Baguio, masista wa Good Shepherd, wenye kuuza halaya na faida inasomesha vijana, waliwahi kukosa kiazi cha zambarau. Walifanya nini? Walipika cheupe, wakauza halaya nyeupe, bila kuficha. Kwangu mimi, hiyo inashinda picha zote za zambarau.

Na kwa nini kiazi kinakosekana? Kinakaa ndani ya udongo miezi 8 mpaka 10, na mbegu yake ni kiazi chenyewe: kile ulichokula hautakipanda. Soko likivuta kwa haraka, mkulima anaweza kuuza mpaka mbegu. Video haimuonyeshi huyu mkulima. Kisiwani Bohol wazee walimfikiria: ukiangusha ubi, unaiokota na kuibusu. Ni heshima kwa chakula, na mimi naona ndani yake hesabu ya mbegu pia.

Kiazi hiki kinalimwa hata huku kwetu Kongo. Tuko na lisansi mkononi, lakini inyame tumeiachia mabibi. Tunashangilia sahani ya Manila, na ndugu yake iko nyuma ya nyumba bila mtu wa kuchagua mbegu zake.

Kwenu inyame inaitwa namna gani, na nani bado anaipanda?