Sanamu ya Chukudu

Mgeni afikaye Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, hakosi kuonyeshwa sanamu ya mtu na chukudu yake, yenye rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa mwaka 2009. Je, ni kazi njema? Naam. Miji mingi huwainua majemadari na wafalme. Goma imemwinua mchukuzi.

Lakini sanamu ina kasoro moja: dhahabu haitoi jasho. Chukudu ya kweli ni ya mti, magurudumu yake yamevikwa mpira wa matairi makuukuu, nayo hushuka kutoka Kibumba imelemewa viazi, kabichi na makaa. Mgeni hupanda pikipiki, huketi mezani, huagiza sambaza, lengalenga na viazi, wala haulizi viazi vilifikaje. Hupiga picha ya sanamu; kisha akimwita mchukuzi ambebee mzigo, hugombana naye kwa ajili ya faranga chache.

Basi, msomaji mpenzi, sanamu hiyo haipimwi kwa macho tu. Ukiisha kuistaajabia, mpishe mwenye chukudu njiani, nawe umlipe ujira wake wote. Hapo ndipo utakapokuwa umeielewa.