Majibu ya Udongo: Uwiano Mzuri, Shamba Maskini

Mkulima anayepeleka udongo maabara hurudishiwa karatasi yenye namba na, pembeni ya kila namba, neno moja: chini, wastani au juu. Macho hukimbilia neno hilo, na hapo ndipo hela ya mbolea huanza kupotea, kwa sababu namba hizo zinategemeana na neno moja haliwezi kuonyesha zinavyotegemeana.

Tuchukue karatasi ya mfano, yenye sura ya mashamba mengi mekundu ya Njombe na Mbeya. pH ni 4.9. Kaboni ya mboji asilimia 2.6. Fosforasi miligramu 12 kwa kilo. Kisha, kwa sentimoli za chaji (cmol) kwa kilo: kalsiamu 2.4, magnesiamu 0.6, potasiamu 0.15, sodiamu 0.05, alumini 1.2.

Anza na pH, lakini usiishie hapo. Udongo wa pH 4.9 una tindikali mara kumi ya ule wa 5.9, na pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Mzizi hubaki mfupi na mnene, haufuati maji wala fosforasi. Hata hivyo pH haikuambii alumini ni kiasi gani. Hiyo unaipata kwa kujumlisha zile namba tano za cmol: 4.4. Alumini peke yake ni 1.2, yaani asilimia 27 ya jumla. Kwa maharage huo ni mzigo mzito. Mahindi hutofautiana kwa mbegu.

Namba hiyohiyo ndiyo inayokadiria chokaa. Kwa tabaka la sentimita 15 za juu, kila cmol moja ya alumini huhitaji takriban tani moja ya chokaa safi kwa hekta. Wataalamu huzidisha kwa 1.5, kwa kuwa sehemu ya chokaa humezwa na tindikali nyingine za udongo. Hapa tunapata tani 1.8. Anayekadiria kwa pH tupu atampa mwenye kichanga na mwenye mfinyanzi kiasi kilekile, na mmoja wao ataumia.

Sasa fosforasi. Hiyo 12 imepimwa kwa njia gani? Kwa Olsen, ambako mpaka wa utoshelevu huwekwa karibu na 10, shamba linatosha. Kwa Mehlich 3, ambako mpaka huwa karibu na 30, shamba lina njaa. Namba ni ileile, maana ni kinyume. Karatasi isiyotaja njia ya upimaji haijajibu chochote kuhusu fosforasi, na nasema hivi kwa uzito wote, kwa kuwa mfuko wa DAP, mbolea ya fosforasi, si wa bei ndogo.

Halafu kuna uwiano. Kalsiamu kwa magnesiamu hapa ni nne kwa moja, na wapo washauri watakaousifu. Fikra hii ina historia: mwaka 1945 Firman Bear na wenzake wa New Jersey, Marekani, walipendekeza udongo bora ubebe kalsiamu asilimia 65, magnesiamu 10 na potasiamu 5. Mwaka 2007 Peter Kopittke na Neal Menzies wa Australia walipitia ushahidi na hawakuona kwamba kuusaka uwiano huo kunaongeza mavuno. Hesabu yenyewe inaonyesha tatizo: udongo wenye kalsiamu 12 na magnesiamu 3 nao ni nne kwa moja, ila una akiba mara tano. Potasiamu yetu ya 0.15 ni miligramu 59 tu kwa kilo. Ni ndogo, hata mizani ya majirani zake ikipendeza. Kiasi kitangulie, uwiano ufuate. Uwiano una kazi yake pale unapomwaga potasiamu nyingi kwenye magnesiamu haba, kwani mmea utashindwa kuichukua magnesiamu.

Kaboni ya 2.6 huwapumbaza wengi. Ni kweli mboji ipo, ila katika tindikali hii viumbe wanaoiozesha hufanya kazi polepole, na naitrojeni hubaki imefungwa humo.

Hukumu yangu kwa shamba hili ni chokaa kwanza, na iwe ya dolomiti, kwa kuwa inaleta magnesiamu pia. Potasiamu ifuate wakati wa kupanda. Fosforasi isubiri maabara itaje njia ya upimaji. Anayetaka kutumia mawe ya fosfati ya Minjingu ajue kwamba huyeyushwa na tindikali, hivyo kuyachanganya na chokaa msimu mmoja ni kuyapunguzia nguvu.

Kabla hujalipia kipimo, omba mambo mawili yaandikwe: njia iliyotumika kupima fosforasi, na kiwango cha alumini iwapo pH itakuwa chini ya 5.5.