Hiyo "s" ya mwisho umeipata wapi?

Fungua ikisiri ya tasnifu yako uangalie vitenzi vya matokeo. Umeandika "moringa reduces blood sugar"? Haya, inapunguza kwa nani? Tuseme ulipima watu 40 wa mtaa mmoja kwa wiki sita. Ulichoona ni kwamba ilipunguza: "reduced". Tofauti ni herufi moja tu, lakini dai ni jingine kabisa.

Kwa maoni yangu tatizo linaanzia darasani. Tuliambiwa "simple present" ni wakati uliopo, tukatafsiri "I go" kuwa ninakwenda. Halafu "I am going" nayo ikawa ninakwenda! Jina lenyewe linapotosha. "Water boils at 100°C" haisemi kuna sufuria jikoni sasa hivi. Inatangaza kanuni, tena yenye masharti: pale Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Umeona hiyo "huchemka"? Kiswahili kina hu-, na mimi naitumia kama kipimo. Tafsiri sentensi yako: "Mlonge hupunguza sukari mwilini." Sasa jione unamwambia hivyo bibi yako mwenye kisukari, ambaye kesho anaweza kuacha vidonge vyake. Ukisita, rudi kwenye -li-, na kwa Kiingereza rudisha ile "d".

Hili si la wanafunzi peke yao. Mwaka 2019 Jasmin DeJesus na wenzake walichapisha kwenye jarida la PNAS uchambuzi wa makala 1,149 za saikolojia. Asilimia 89 zilikuwa na sentensi za jumla za namna hii. Walipowapa watu wa kawaida matokeo ya kusoma, yaliyoandikwa kwa sentensi hizo yalionekana muhimu zaidi kuliko yaliyoandikwa kwa wakati uliopita. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri kwamba wakati uliopo "unaipa kazi nguvu". Nguvu hiyo umeikopa.

Sisemi uifute kila mahali. "Table 2 shows" ni sawa, jedwali bado lipo pale. Na mbu jike wa Anopheles hueneza malaria: hiyo hu- imelipiwa na zaidi ya miaka mia moja ya ushahidi. Wiki zako sita bado.