Jinsi Apple ilivyong'oa mfumo wa Mac na watumiaji wakabaki

Mtu akikuambia yeye ni wa Mac, au wa Windows, au wa Linux, mara nyingi hauzungumzii mfumo endeshi wenyewe. Anazungumzia programu alizozizoea, faili alizozitunza kwa miaka, na vidole vyake vinavyojua pa kubofya kabla macho hayajatazama. Gusa vitu hivyo vitatu na hata shabiki mkubwa kuliko wote atanuna. Kwa hiyo kazi ngumu kabisa katika fani hii ni kuung'oa mfumo wote, kuweka mwingine mahali pake, na watumiaji wakabaki. Apple iliifanya kazi hiyo kati ya 1997 na 2003. Wengi huisimulia kama hadithi ya Steve Jobs kurudi nyumbani na kuokoa kampuni. Kwangu mimi utamu uko kwenye ufundi: ni vitu gani vya zamani vilibebwa, vipi viliachwa, na nani alilipia gharama.

Tuanze na ugonjwa. Mac OS ya miaka ya 1990, kuanzia System 7 ya 1991 hadi Mac OS 9 ya 1999, ilipendeza kwa macho na ilifundishika haraka. Misingi yake lakini ilikuwa ya 1984, wakati Macintosh ya kwanza ilipokuja na kilobaiti 128 za kumbukumbu na kuendesha programu moja kwa wakati. Baadaye uliongezwa uwezo wa kufungua programu kadhaa pamoja, ila kwa hiari: kila programu ilitakiwa kuiachia prosesa yenyewe ili nyingine zipate zamu. Ulikuwa mkutano usio na mwenyekiti. Akipatikana msemaji mmoja asiyetaka kuachia kipaza sauti, ajenda zote zimekwama. Programu moja ikizama kwenye hesabu zake, mashine nzima iliganda.

Kumbukumbu nayo haikuwa na ulinzi. Programu yenye kasoro iliweza kuandika juu ya eneo la jirani yake, au la mfumo wenyewe, na hapo ndipo kilipojitokeza kile kisanduku chenye picha ya bomu na kitufe cha kuwasha upya. Tena mgawaji wa kumbukumbu alikuwa mtumiaji. Photoshop ikilalamika kwamba haina nafasi, uliifunga, ukachagua ikoni yake, ukabonyeza Command na herufi I, kisha ukaandika kwa mkono idadi ya kilobaiti unazotaka ipewe. Ukiandika kidogo, picha kubwa haifunguki. Ukiandika nyingi, programu nyingine zinakosa pa kukaa. Vilikuwepo pia vipande vidogo vya programu vilivyojipachika ndani ya mfumo, ambavyo ikoni zake zilijipanga mstari chini ya kioo wakati mashine inawaka. Viwili vikigombana, mashine haimalizi kuwaka, na dawa ilikuwa kuiwasha huku umeshikilia Shift ili vyote vilale, kisha kuvirudisha kimoja kimoja mpaka mkorofi apatikane.

Na bado wachora picha, wapanga kurasa za magazeti na wahariri wa sauti waliipenda kwa dhati. Sababu zilikuwepo. Folda ilifunguka pale pale ulipoiacha jana, kwa ukubwa ule ule. Faili haikuhitaji mkia wa herufi tatu mwishoni mwa jina, kwa kuwa aina yake, pamoja na programu iliyoitengeneza, vilihifadhiwa pembeni kwa alama za herufi nne nne. Ukibofya faili, inafunguka kwenye programu uliyoiandikia. Wanaodhani mashabiki wa Mac walikuwa wafuasi wa urembo tu hawajawahi kukaa na mfumo unaokumbuka mahali ulipoweka vitu vyako.

Apple ilijua misingi imechakaa. Ilijaribu kuandika mfumo mpya kabisa, Copland, ikauvunja Agosti 1996 baada ya miaka ya ahadi zisizotimia. Mwisho wa mwaka huo huo ilitangaza kuinunua NeXT, kampuni aliyoianzisha Jobs baada ya kuondoka Apple mwaka 1985, kwa takribani dola milioni 400. Mfumo wa NeXT ulikuwa na kila kilichokosekana: kerneli ya Mach na matumbo ya Unix ya BSD, kumbukumbu yenye kuta kati ya programu na programu, na zamu za prosesa zinazogawiwa na mfumo bila kusubiri ukarimu wa mtu.

Mpango wa kwanza uliitwa Rhapsody, nao unafundisha zaidi kuliko ule uliofaulu. Kwa mujibu wake, programu za zamani zingeendeshwa ndani ya kisanduku kilichotengwa, na zile zilizotaka kunufaika na mfumo mpya zingeandikwa upya kwa zana za NeXT. Kifundi ulikuwa mpango msafi. Lakini kampuni kama Adobe na Microsoft zilikuwa na misimbo ya Photoshop na Word iliyojengwa kwa miaka juu ya amri za Mac ya zamani, wakati Apple yenyewe ilikuwa imetoka kwenye hasara kubwa na wengi waliitabiria kifo. Nani aandike upya bidhaa yake kuu kwa ajili ya mteja aliye mahututi? Zilikataa. Nami sizilaumu.

Mei 1998, mbele ya mkutano wa watengenezaji programu, Jobs akaleta jibu: Carbon. Hapa ndipo kiini cha kazi yote kilipo. Wahandisi walizipitia amri ambazo programu za Mac zilitumia kuuomba mfumo uchore dirisha, ufungue faili, upange menyu. Zilikuwa kama 8,000. Takribani 2,000 ndizo zilizokuwa na sumu, zile zilizodhania kwamba programu ina ruhusa ya kuchezea kumbukumbu yoyote au kushika prosesa inavyotaka. Hizo zikatupwa. Zile 6,000 zilizobaki zikajengwa upya juu ya msingi mpya, zikiwa na majina na tabia zile zile. Mtengenezaji akatakiwa kusafisha sehemu chache za msimbo wake, na programu yake ikapata kuta za kumbukumbu na zamu za haki bila kuandikwa upya. Kazi ya miaka ikawa kazi ya miezi, na Adobe na Microsoft zikakubali.

Kwa programu ambazo hakuna aliyekuwa tayari kuzisafisha ikajengwa Classic: Mac OS 9 nzima inayowashwa ndani ya mfumo mpya, uliopewa jina la Mac OS X, ikidhani iko kwenye mashine yake peke yake. Ulibofya programu ya zamani, ukaangalia OS 9 ikiwaka ndani ya dirisha, zile ikoni za chini zikijipanga kama ada, kisha programu ikafunguka ikiwa na sura yake ya zamani pembeni ya madirisha mapya yanayong'aa. Haikupendeza. Lakini ikianguka ilianguka peke yake, na mashine iliendelea na kazi. Waandikao mapya wakapewa njia ya tatu, Cocoa, yaani zana za NeXT zenyewe. Njia tatu, kila moja kwa mtu mwenye hali tofauti, na hakuna aliyeambiwa atupe kitu siku ya kwanza.

Hata hivyo wapenzi walikuwa wa kwanza kulalamika, na malalamiko yao yana thamani ya kiufundi. Toleo la majaribio la Septemba 2000, lililouzwa dola 29.95, liliweka nembo ya tofaa katikati ya mstari wa menyu, pambo lisilofanya lolote ukilibofya. Menyu ya Apple ya upande wa kushoto, ambayo watu waliizoea tangu 1984, ilikuwa imeondolewa. Kelele zikapigwa, na Mac OS X 10.0 ilipotoka tarehe 24 Machi 2001 tofaa lilikuwa limerudi kushoto, likiwa na menyu yake. Mtu wa nje ataona huo ni ugomvi wa picha ndogo. Aliyekuwa akiitumia menyu hiyo mara nyingi kwa siku alikuwa anadai njia yake irudishwe, na alikuwa na haki.

Lenyewe toleo la 10.0 lilikuwa zito. Kuvuta pembe ya dirisha kulikuwa kazi ya subira, na halikuweza kucheza DVD wala kuchoma CD. Toleo la 10.1 lilifuata Septemba 2001, likapewa bure waliokwisha kununua. Mwezi Mei 2002, Jobs alipandisha jeneza jukwaani huko San Jose, ndani yake boksi la Mac OS 9, akasoma taazia. Lakini mazishi yalikuwa ya watengenezaji programu. Watumiaji waliendelea na Classic kwa miaka, na QuarkXPress, tegemeo la wapanga kurasa, haikuhamia OS X hadi 2003. Angekuwa ameizika OS 9 kwa watumiaji siku ile ile, nusu ya vyumba vya magazeti vilivyotumia Mac vingekwama.

Namheshimu sana John Siracusa, aliyeandika tathmini ndefu za Mac OS X katika jarida la Ars Technica tangu matoleo ya majaribio ya 1999 hadi 2014. Alikuwa wa Mac damu damu, na kwa sababu hiyo hakunyamaza. Aliandika kurasa kwa kurasa kutetea Finder, programu ya Mac ya kufungulia folda na faili, inayokumbuka mahali pa kila folda, na zile alama za faili za herufi nne ambazo OS X ilizisukuma pembeni ikizipendelea herufi za mwisho wa jina. Mambo hayo mengi hakuyapata. Tathmini zake zinabaki kumbukumbu bora ya kilichopotea njiani, jambo ambalo matangazo ya kampuni hayawezi kukuambia.

Kilichofuata kinaonyesha kwamba Apple hubeba mzigo kwa muda, kisha huutua. Mac za kwanza za Intel, Januari 2006, zilikuja na Rosetta ya kutafsiri programu za PowerPC, prosesa za Mac zilizotangulia, lakini Classic haikufika huko. Mwaka 2007 Apple ilivunja mpango wa Carbon ya biti 64, na Adobe ikaachwa pabaya: Photoshop CS4 ya 2008 ilipata biti 64 kwenye Windows peke yake, na watu wa Mac, waliojiona ndio wenyeji wa Photoshop, wakasubiri CS5 ya 2010. Rosetta yenyewe iliondolewa 2011. Mwaka 2019 macOS Catalina ikafuta programu zote za biti 32. Kila mara daraja lilijengwa vizuri, na kila mara lilibomolewa kwa ratiba ya mwenye daraja.

Microsoft ilichagua kinyume chake. Mfano maarufu ni wa SimCity: mchezo huo wa enzi za Windows 3 ulisoma kumbukumbu uliyokwisha kuiachia, kosa ambalo mfumo wa zamani haukulihisi. Waandishi wa Windows 95 waliweka msimbo wa kuutambua mchezo huo na kuugawia kumbukumbu kwa namna ya pekee ili usianguke. Uvumilivu wa aina hiyo ndio unaofanya programu ya uhasibu ya miaka ya 1990 ifunguke leo kwenye Windows 11 endapo ni ya biti 32. Gharama yake ni mfumo uliojaa vyumba ambavyo hakuna anayethubutu kuvifunga. Na uvumilivu huo kwa programu haukufika kwenye mashine: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa zilizomo kwenye orodha yake. Kwetu, ambako kompyuta nyingi hununuliwa za mtumba, sharti hilo linaumiza kuliko menyu yoyote iliyohamishwa.

Mimi ni mtu wa Linux, na kwa mapenzi hayo hayo nasema kwamba hapa tumeshindwa. Linus Torvalds anasimamia kerneli kwa amri kali ya kutovunja programu za watumiaji, na amri hiyo inafuatwa. Juu ya kerneli, lakini, kila usambazaji una maktaba zake na matoleo yake. Torvalds mwenyewe aliwaeleza watu wa Debian mwaka 2014 kwamba Subsurface, programu yake ya kuweka kumbukumbu za uzamiaji, wanaitolea nakala tayari kwa Windows na Mac, na kwa Linux ni shida tupu. Carbon yetu haipo. Kinachoikaribia ni Wine, na Proton ya Valve iliyojengwa juu yake mwaka 2018, ambazo zimezitekeleza upya amri za Windows juu ya Linux kwa uvumilivu wa miaka mingi. Ndiyo kusema seti ya amri iliyodumu zaidi kwenye kompyuta zetu za mezani ni ya mshindani, nasi tunapaswa kuikubali na kuitunza.

Kwa wa Mac, saa inahesabu tena. Toleo la macOS 26, lililotoka Septemba 2025, ndilo la mwisho kwa mashine za Intel, na Apple imetangaza kwamba Rosetta 2, inayoendesha programu za Intel kwenye chipu zake mpya, itabaki kamili hadi macOS 27. Kama kazi yako inategemea programu ambayo haijatengenezwa kwa chipu hizo, mwandikie mtengenezaji wake sasa umuulize, na usiigawe mashine yako ya zamani kabla hajakujibu.