Kabla ya Kukodi Mashua ya Lamu, Tazama Mwezi

Marafiki wanaopanga kuzunguka visiwa vya Lamu kwa mashua ya kukodi huanza na maswali matatu: nani atapata likizo lini, tiketi ya ndege ya kutua Manda ni kiasi gani, na chombo kinakodishwa kwa shilingi ngapi kwa siku. Yote ni ya maana, na hakuna safari ya watu sita isiyohitaji majibu yake. Ila yakijibiwa kwanza, swali linaloamua kama safari itafanikiwa huachwa mpaka mwisho, wakati tarehe zimeshafungwa na fedha zimeshatumwa. Swali lenyewe ni hili: siku hizo mwezi utakuwa umeandama siku ngapi? Hoja yangu ni kwamba katika visiwa hivi tarehe ichaguliwe kwa maji, njia ipangwe kwa upepo, na chombo kitafutwe baada ya hayo mawili. Anayekwenda kinyume hulipia mashua iliyokaa juu ya tope.

Sababu iko kwenye umbo la mahali penyewe. Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu vimejipanga kando ya bara, kuelekea mpaka wa Somalia, na kati yake maji ni haba, yenye mafungu ya mchanga, miamba na misitu mikubwa ya mikoko. Miji ya kale ambayo watu husafiri kwenda kuiona haikujengwa kwenye kilindi. Ilijengwa ndani ya mahori. Takwa, magofu ya mji uliostawi Manda tangu karne ya 15 hadi ya 17, hufikiwa kutoka upande wa Lamu kwa kupenya hori lililozibwa na mikoko huku na huku. Maji yakipwa, hori hilo haliingiliki. Siyu, kisiwani Pate, yenye ngome yake ya karne ya 19, iko mwisho wa hori jembamba la namna hiyohiyo. Mji wa Pate, uliokuwa makao ya masultani wa Nabahani, hupokea mashua maji yakijaa tu. Yakitoka, abiria hushuka Mtangawanda na kumaliza safari kwa nchi kavu. Mkanda nao, mlango mwembamba unaoitenga Manda na bara, kwa vizazi vingi umepitwa kwa kungojea maji. Sidhani kwamba waliojenga huko waliuona uhaba huu wa maji kuwa kasoro. Siyu iliwasumbua masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi chini ya kiongozi wake, Bwana Mataka, na mji usioingilika kwa chombo kizito ila kwa saa chache za siku una mlinzi asiyelipwa mshahara. Kwa msafiri wa leo, mlinzi huyo bado yuko kazini.

Sasa tuhesabu. Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kukiwa na saa 12 na dakika kama 25 kati ya kujaa na kujaa. Kwa hiyo kila siku wakati wa kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika takriban mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Haya wanayajua wengi. Linalosahauliwa ni kwamba bamvua hairukiruki saa. Katika pwani yetu, mwezi mpevu na mwezi mchanga huja na maji yaliyojaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume: kujaa huangukia karibu na saa nne, kupwa karibu na saa kumi. Ukishajua hilo, unaweza kuiona siku ya safari miezi sita kabla, hata bila jedwali la maji la bandari, ingawa jedwali ndilo la kutegemea kwa dakika kamili. Na kwa kuwa usiku hakuna anayestahili kupenyeza mashua yenye wageni kwenye mikoko, kati ya kujaa kuwili kwa siku msafiri ana kumoja tu. Usalama umelitia nguvu jambo hili: baada ya mashambulizi na utekaji wa wageni Kiwayu na Manda mwaka 2011, vizuizi vya kusafiri usiku vimewahi kuwekwa katika maji haya, na bado ni lazima kuuliza hali ilivyo kwa wenye mamlaka kabla ya kwenda kaskazini ya Pate.

Mwenye kusoma hadi hapa atasema basi twende siku ya bamvua yenyewe, maji yawe mengi. Nalikataa wazo hilo. Siku ya bamvua maji yanajaa saa kumi jioni, na jua la Lamu, nyuzi mbili na kitu tu kusini ya ikweta, huzama baada ya saa kumi na mbili. Ukiingia Siyu saa tisa unusu, una muda wa kuitazama ngome haraka na kuondoka, au ulale. Ukilala, maji yatakayokutoa yanajaa alfajiri ya giza, na kufika saa nne asubuhi hori limebaki tope tupu. Siku imekwisha kabla haijaanza, na kodi ya chombo inahesabiwa. Maji mafu yana saa nzuri zaidi, lakini hayana urefu: kujaa kwake hupungukiwa na kujaa kwa bamvua kwa mita nzima au karibu yake, na mita hiyo ndiyo inayoifikisha mashua kwenye gati la hori. Nafasi nzuri iko katikati, na iko upande mmoja tu wa katikati hiyo. Ni zile siku nne au tano zinazotangulia bamvua: siku ya 10 hadi ya 14 ya mwezi mwandamo, au ya 25 hadi ya 29. Hapo kujaa huanza karibu na saa sita mchana na kusogea hadi saa tisa na robo siku ya mwisho, mwanga ukiwa mwingi kabla na baada. Juu ya hayo, maji yanakua. Kila kujaa ni kukubwa kuliko kulikotangulia, kwa hiyo chombo kikipwelewa leo juu ya fungu, maji yanayofuata yatakiinua. Chombo kilichopwelewa siku mbili baada ya bamvua kiko katika hali nyingine kabisa: kila maji yanayokuja ni mafupi kuliko yaliyokiacha pale, na huenda kikangoja siku nyingi. Manahodha hawahitaji kuambiwa hili. Wanaopanga safari kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Ulaya ndio wanaohitaji.

Tuchukue basi siku tano kuanzia siku ya 10 ya mwezi mwandamo. Kanuni inayozitawala ni kwamba kujaa kumoja kunatosha mlango mmoja. Wengi huandika Takwa na Mkanda katika siku ileile kwa sababu kwenye ramani vyote viwili viko Manda, lakini ukitoka Takwa maji yameshaanza kupungua, na Mkanda hautakungoja. Siku ya kwanza ni ya Mkanda peke yake: kutoka Lamu kabla ya saa sita, kupita mlango maji yakiwa juu, na kulala upande wa ghuba ya Manda, karibu na Manda Toto ambako matumbawe yanafaa kwa kuogelea. Siku ya pili ni ya Siyu. Hapa kuna kazi ya kuitazama kwa makini. Tanga hutuliwa mdomoni mwa hori kwa kuwa mikoko hukata upepo. Baharia mmoja husimama omo na upondo, anauchoma chini, anautazama ulivyolowa, anamwambia nahodha kina bila kugeuka nyuma. Mashua inayoingia saa nzima kabla ya maji kujaa kabisa huwa salama hata ikigusa, maana maji bado yanapanda nyuma yake. Inayoingia baada ya kujaa haina msamaha huo. Siku ya tatu ni ya Kiwayu, kisiwa kirefu na chembamba kilicho ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, ambako mashua hutia nanga upande wa ndani bila kutegemea sana saa ya maji. Siku ya nne Faza, kisiwani Pate, siku ya tano kurudi Lamu, Mkanda ukipitwa kabla ya saa tisa. Takwa ibaki nje ya mzunguko. Ni safari ya nusu siku kutoka Lamu, na inastahili kupewa maji yake yenyewe.

Upepo unakuja wa pili, na unaamua mguu upi utakuwa mrefu. Kutoka Lamu hadi Kiwayu ni kiasi cha kilomita 50 kuelekea kaskazini mashariki. Wakati wa kusi unakwenda na upepo mgongoni na kurudi kwa kubisha. Wakati wa kaskazi ni kinyume. Kubisha kwa tanga la pembetatu ni kazi nzito, kwa sababu kila unapogeuza upande foromali lazima isimamishwe na kupitishwa mbele ya mlingoti pamoja na tanga lake, mabaharia wote wakiwa na kamba mikononi, huku chombo kikipoteza mwendo. Napendelea kaskazi, Desemba hadi Machi, kwa sababu moja: mguu mgumu unafanywa mwanzoni, wakati siku za ziada bado zipo. Wakati wa kusi unafika Kiwayu kwa raha, kisha unabaki na safari ya kupanda upepo ukiwa na saa maalumu ya kuwahi Mkanda, na labda ndege ya kesho yake.

Pingamizi la kwanza ni mashine. Mashua nyingi sasa zina injini nyuma, na boti za mwendo kasi hufika Kiwayu kwa muda mfupi. Ni kweli, na injini inamaliza karibu kabisa tatizo la upepo. Haigusi tatizo la maji. Injini haiongezi kina. Inaongeza kitu cha kuvunjika, maana rafadha hutangulia kugusa mwamba. Na hata mlango mmoja kama Mkanda ukichimbwa, kuchimba huko hakupeleki maji Takwa wala Siyu. Boti inaweza kuzunguka Manda kwa nje, lakini huko ni bahari kuu, na wakati wa kusi mawimbi yake si ya watu waliokuja kupumzika. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: nahodha ndiye mwenye ujuzi, mgeni aache kujifanya anajua. Nakubaliana na sehemu ya kwanza. Nahodha wa Lamu anayajua mafungu haya kwa namna ambayo hakuna jedwali litakalomfikia, na ndani ya mashua neno lake ndilo la mwisho. Lakini nahodha hupokea tarehe zilizokwisha kuchaguliwa. Mteja anamwambia tunakuja Ijumaa hii hadi Jumanne, tunataka Takwa, Pate, Siyu na Kiwayu, naye, akiwa na watoto wa kulisha na mshindani gatini, atasema inawezekana. Kumheshimu ni kumpigia simu kabla ya kukata tiketi na kumuuliza wiki ipi ina maji mazuri. Simu hiyohiyo ndiyo ya kuuliza mambo mengine yanayokwenda na kina: chombo kinazama kiasi gani kikiwa na watu wote na mapipa ya maji ya kunywa, maana Manda haina maji matamu ya kutegemea, kina leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) na jaketi za kujiokolea za kutosha, na siku itakayopotea kwa kungoja maji italipwa na nani. Hili la mwisho likisemwa kwa uwazi mapema, huokoa urafiki wa walio ndani ya chombo na heshima ya mwenye chombo.

Linabaki pingamizi gumu kuliko yote, la likizo. Watu sita wenye kazi sita hawawezi kuusubiri mwezi. Hata hivyo nafasi nilizozitaja huja mara mbili kila mwezi, na ya 10 hadi 14 ina nyongeza ya mbalamwezi kuanzia magharibi, jambo kubwa kwa wanaolala ufukweni. Kundi linaloweza kusogeza likizo yake kwa wiki moja mbele au nyuma litaipata mojawapo. Lisiloweza kabisa, likaangukia maji mafu, lisighairi safari; libadilishe orodha. Liache Takwa na hori la Siyu. Libaki Shela, kisiwani Lamu, na michanga yake, liogelee Manda Toto, ambako maji mafu yana faida ya mikondo miepesi, na likifika Pate litie nanga Mtangawanda, lichukue bodaboda hadi Siyu, liione ngome kutoka upande wa nchi kavu, na lirudi kwenye mashua kabla ya jua kuzama.